Masanduku ya Jua Msimu wa Mvua

Ipole,
9 Novemba 1974

Dada yangu Batuli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mke wangu Maua, na kwamba kifua chako kimepungua kukohoa. Mimi nilifika salama Jumanne, nimekaa juu ya magunia katika lori la Kashindye, yule dereva wa tumbaku, vumbi mpaka kwenye kope. Wenyeji wamenipokea vizuri. Nimepewa chumba nyuma ya zahanati, na kila asubuhi naletewa uji wenye asali.

Kazi yenyewe ni hivi. Wapima barabara waliacha hapa karavani yao, nyumba ya bati yenye magurudumu, nayo kijiji kimeifanya ghala la asali na nta. Mwaka jana tawi la mninga liliangukia paa likalipasua. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye mapipa, asali inachacha. Bwana Nyuki, ofisa wa ufugaji nyuki, ananiambia kwa Kizungu karavani maana yake ni msafara. Nikacheka. Babu yetu alipita njia hii hii na misafara ya pembe za ndovu, na mimi mjukuu wake nimeitwa kuziba paa la msafara ambao magurudumu yake yamezama mchangani.

Kazi ya pili ndiyo iliyonileta hasa. Wanataka masanduku ya kuyeyushia nta kwa jua. Unatengeneza sanduku la mbao, ndani unalaza bati kwa mteremko na kulipaka rangi nyeusi, juu unafunika kwa kioo. Masega yanawekwa ndani, jua likiwaka sawasawa nta inayeyuka yenyewe na kuchuruzika kwenye karai, safi, haina moshi wala haijaungua kama ile ya kuchemsha kwa kuni. Wanataka sita.

Mwambie Maua asibebe ndoo kubwa. Kabla ya Idi Kubwa nitakuwa nimerudi.

Ndugu yako,
Mabruki


Tabora, Isevya,
27 Novemba 1974

Mdogo wangu Mabruki,

Marahaba. Barua yako ameileta Kashindye mwenyewe. Kifua changu ni kile kile. Jirani amepata mjukuu. Paa la jikoni kwetu linavuja palepale ulipoahidi kupaziba kabla ya kwenda kuziba mapaa ya watu.

Wifi yangu Maua hajambo. Mimba inampa kichefuchefu asubuhi, lakini jioni hakosi darasa la kisomo cha watu wazima. Sasa anasoma vibao vyote vya maduka mpaka inakuwa kero. Barua yako aliisoma yeye, kidole kwa kidole, mwanzo hadi mwisho, akaikunja akaiweka kifuani.

Mabruki, unajua sipendi kuzungukazunguka. Mume wangu Yahaya alipokwenda Mpanda aliniandikia kwamba anangoja mvua zikatike. Zilikatika. Zikaja nyingine. Mwaka wa tatu nikaletewa habari kwamba ana mke na watoto wawili. Sisemi wewe ni Yahaya. Nasema tu kwamba nimekwisha kusikia habari za mvua.

Tutakungoja Idi.

Dada yako,
Batuli


Ipole,
4 Januari 1975

Dada Batuli,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri kwenu. Nisamehe kwa kutofika. Mimi mzima.

Mvua ya huku si ya kuhadithia. Imeanza tangu katikati ya Desemba na haipumui. Paa limebaki nusu. Lami haishiki kwenye bati lenye maji. Unaipaka asubuhi, jioni inabanduka kama ganda la jeraha. Tumefunika karavani kwa turubai, upepo umelichana. Masanduku mawili yamekwisha, lakini yanafaa nini bila jua? Nta inalainika kidogo mawingu yakipasuka, kisha inaganda katikati ya bati, na mabaki ya masega yananata humo humo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Luhende, anakuja kila siku kutazama, anasimama na mwavuli wake, haulizi kitu.

Mto umejaa na njia ya Sikonge imefungwa kwa siku kadhaa. Sijui barua hii itatoka lini.

Mwambie Maua nipo salama na namkumbuka.

Ndugu yako,
Mabruki


Tabora,
22 Januari 1975

Mabruki,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako ilifika tarehe kumi na saba. Maua aliifungua kwa furaha, akasoma mstari wa kwanza. Akaenda ndani akaleta ile ya Novemba, akaziweka pamoja mkekani. Akaniuliza, "Wifi, mbona hii mume wangu ameandika kama mwalimu wetu?" Nikatazama. Herufi zako mimi nazijua, nilikuwa nakushika mkono ulipoanza kuandika chuoni na shuleni. Zimelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Hizi za sasa zimesimama wima, za duara, zimepambwa mikia. Huo ni mwandiko wa mwanamke.

Nikamwita Kashindye nikampa chai. Nikamuuliza hali ya hewa ya Ipole. Anasema kweli mvua ilikuwa kubwa, lakini alipopita wiki ya pili ya Januari jua liliwaka siku nne mfululizo. Nikamuuliza kama alikuona. Alijaribu kumeza maneno pamoja na chai. Mwishoni akasema alikuona umekaa barazani pa zahanati, umejifunika shuka, na mwanamke amekaa karibu yako anakumenyea viazi, anakukatia vipande vipande, anakuwekea mbele.

Fundi bati, mwanamume wa miaka thelathini na mbili, anamenyewa viazi.

Siku nne za jua, Mabruki. Paa halikuzibwa kwa nini? Na huyo anayekuandikia ni nani?

Batuli


Ipole,
15 Februari 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, imenikaa moyoni kama mfupa.

Anayeniandikia ni muuguzi wa zahanati, jina lake Paskazia. Nina kidonda kidogo mkononi, kalamu inanisumbua, ndiyo maana. Si jambo la kukuumiza kichwa. Hao akina Kashindye wanaona kitu kimoja wanasimulia vitatu.

Kuhusu siku nne za jua, ni kweli. Lakini fundi hazibi paa siku ile ile jua linapotoka. Mbao za ndani zimelowa, ukizifungia zinaoza. Lazima uache zikauke, na zilipokaribia kukauka mvua ikarudi. Unaweza kumuuliza fundi yeyote wa Tabora.

Umeniandikia kurasa mbili na hukuniambia Maua anaendeleaje. Mimba sasa ni miezi saba. Analala vizuri? Miguu haijavimba? Mwambie aniandikie yeye mwenyewe, hata mstari mmoja, maana umesema anajua.

Mabruki


Tabora,
8 Machi 1975

Mabruki,

Tu wazima wote. Mvua huku ni ya kiasi. Mahindi ya kule shambani Ntalikwa yamestawi. Jirani ameanza kuezeka upya.

Maua hana nafasi ya kuandika.

Kidonda kidogo hakichukui miezi miwili.

Batuli


Ipole,
26 Machi 1975

Dada Batuli,

Shikamoo. Jana ilikuwa Maulidi, nikawawazia mlivyokaa uani na udi umefukizwa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kwa sababu ni fupi. Dada, mimi si mtoto. Nimeuliza habari za mke wangu, umenijibu habari za mahindi. "Hana nafasi ya kuandika." Mwanamke anayesoma vibao vya maduka hana nafasi ya kuandika jina lake? Niambie kilichotokea. Amejifungua kabla ya wakati? Ni mgonjwa? Au umemwambia jambo? Maana nakujua. Tangu shemeji Yahaya alipokutenda, hakuna mwanamume anayechelewa ambaye hujamhukumu, na hukumu zako huziweki moyoni.

Kazi inakwenda. Wiki iliyopita mvua ilisita siku sita. Tumemaliza paa, na masanduku manne yamewekwa kuelekea jua. Saa saba mchana nta ilianza kuteremka kwenye bati, rangi ya manjano kama kiini cha yai, hata Mzee Luhende aliinama akatia kidole akaungua. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akicheka. Ningetamani Maua aione.

Nijibu. Usinifiche.

Mabruki

Bibi Batuli, pole kwa kuingilia. Ninayeandika sasa ni mimi, Paskazia, na ndugu yako hajui kwamba naongeza haya. Nina miaka hamsini na nane, ni mjane, nina wajukuu. Nimeandika barua tatu za uongo kwa mkono wangu, na leo nilipomsikia akisema "usinifiche" nimeona siwezi kufunga bahasha.

Tarehe kumi na sita Desemba Mzee Luhende alimwambia mbele ya watu, "Fundi, jua unalitafuta au unalikimbia? Tunaambiwa tuwaangalie wanaochelewesha kazi za kijiji." Mabruki alipanda juu ya karavani na bati jipya, paa limelowa, mvua inanyunya. Upepo ukaingia chini ya bati ukalinyanyua pamoja naye. Akateleza, akalishika ukingo ili asianguke. Bati lilimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Njia ya Sikonge ilikuwa chini ya maji. Nilimaliza kuvikata mwenyewe kwa mkasi wa zahanati, kwa taa ya chemli, nikashona. Alipata homa wiki tatu. Alibaki na kidole gumba na cha mwisho.

Alinisihi nisiseme. Anaogopa mkwe wake atamchukua binti yake kutoka kwa fundi asiyeweza kushika nyundo. Kazi iliyobaki aliielekeza kwa mdomo, vijana wa hapa wakapiga nyundo, yeye chini ameshika mchoro. Viazi nilivimenya mimi, maana mkono mmoja haumenyi.

Mungu anisamehe, na wewe pia.
P.


Tabora,
3 Aprili 1975

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Nimeketi na barua yako tangu adhuhuri. Usimkasirikie huyo mama Paskazia. Angekaa kimya ningekufa na dhambi yangu nikiiita busara.

Sasa nisikilize na mimi.

Maua hayupo hapa. Ameondoka tangu tarehe ishirini na nne Januari, siku mbili baada ya mimi kukuandikia habari za viazi. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniuliza, "Wifi, wewe unaonaje?" Ningeweza kusema sijui. Ingekuwa kweli, sikujua. Lakini nilimwambia, "Mimi nilisubiri miaka mitatu kwa ujinga. Wewe usisubiri." Nilimwambia huyo mwanamke ni mke mwenzake na kwamba mtoto wake atazaliwa baba akiwa na nyumba nyingine. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeona.

Hakulia. Asubuhi alifunga nguo zake kwenye kanga, akaenda kupanda basi la Nzega kwa baba yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilisimama mlangoni, sikumfuata. Moyoni nilijisifu kwamba nimemwokoa.

Kisha nikaogopa kukuambia. Kwanza nilijidai nakuadhibu kwa ukimya. Baadaye Machi ikafika bila salamu yoyote kutoka Nzega, nikaanza kuwaza njia ile na mimba ile, nikakosa usingizi. Ndipo nikakuandikia mahindi.

Sijui kama amejifungua. Sijui kama yu hai. Mtu wa kwanza kumshuku baada ya kusoma barua yako nilikuwa mimi mwenyewe, na safari hii nilipatia.

Nenda Nzega. Usipite hapa kwanza, usipoteze siku.

Batuli


Nzega, kwa Mzee Shilinde,
2 Mei 1975

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, naandika siku ya tatu sasa, kwa hiyo vumilia herufi zilizoanguka.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na mbili Aprili. Siku hiyo hiyo nilitoka kwa miguu hadi Sikonge kwa sababu lori lilikuwa limekwama. Mama Paskazia alinifungia mkono na kitambaa kipya na kunipa mihogo ya kuchoma. Sikupita kwako. Nilikuwa na hasira, na nilijua nikikuona nitasema neno ambalo halirudishwi. Bado ninayo, lakini imepungua.

Nilifika hapa siku ya pili jioni. Mkwe wangu Mzee Shilinde alikuwa anafunga ng'ombe. Nilimsalimu, akaitika, akaendelea kufunga kamba. Alipomaliza akanitazama mkono. Akauliza, "Hicho ndicho ulichokuwa unakificha?" Nikasema ndiyo, baba. Akasema, "Mimi nilidhani unaficha kitu cha aibu."

Maua hakutoka. Nilimsikia ndani, na nilisikia kitoto kinalia. Dada, ni msichana. Alizaliwa tarehe sita Aprili, mzima, na babu yake amempa jina Amne. Nilikaa nje ya mlango, nikamweleza yote kutoka mwanzo, paa, upepo, bati, homa, barua. Mlango umesimama kati yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungerudi bila mkono mzima ningekufungulia. Mimi mkeo ni mtu wa kuambiwa mwisho, baada ya muuguzi, baada ya dereva, baada ya kijiji kizima?" Nilimwambia niliogopa. Akasema, "Na mimi je, niliogopa nini, ndani ya basi lile?"

Nimekaa karibu wiki tatu sasa. Nalala kwenye kibanda cha ng'ombe. Asubuhi naenda shambani pamoja nao. Pamba ikipasuka nitavuna, kwa kuvuna vidole viwili na vitano vinatosha. Siku ya tisa Maua alitoka akaniwekea mtoto mkononi, upande wa kulia makusudi, akakaa anatazama kama nitamwangusha. Sikumwangusha. Akayarudisha macho kwenye kazi yake ya kupepeta mtama, na tangu hapo ananipa mtoto kila jioni. Bado hatuzungumzi sana.

Ipole wameniandikia. Jua limetulia, masanduku yote sita yanafanya kazi, na Bwana Nyuki anataka nirudi kuyasimamia na kufundisha vijiji vingine kuyatengeneza. Mzee Luhende ametia saini barua hiyo. Chini ameongeza kwa mkono wake: "Njoo utakapoweza, fundi. Hakuna atakayekuhimiza."

Nilimsomea Maua. Alifikiri siku mbili. Amesema pamba ikiisha atakwenda na mimi Ipole, anataka kumwona kwa macho yake huyo Paskazia. Lakini, dada, nalazimika kukuandikia na hili, kwa sababu kati yetu kufichana kumetosha. Amesema Tabora kwako harudi. Alisema, "Yule alinishika mkono akanipeleka mlangoni, nami nilimpenda kuliko dada zangu." Anaomba nguo zake zilizobaki, daftari la kisomo, na beseni la bluu.

Sikumbishia.

Mabruki


Tabora,
9 Mei 1975

Mabruki mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu amkuze Amne.

Vitu vya Maua nimevifunga. Nguo nimezifua kwanza. Daftari nililikuta chini ya godoro. Kurasa za mwisho alikuwa anajizoeza kuandika barua kwako, "Mume wangu mpenzi, mimi ni mzima," mara saba, na ya saba haina kosa. Nimeliweka juu ya kila kitu lisije likakunjamana.

Nimesoma maneno yake uliyoniandikia. Ni ya haki. Usimbembeleze kwa ajili yangu, wala usimwambie dada ni mgonjwa, dada anakohoa, dada analia. Mambo hayo hayamhusu yeye.

Lakini vitu sitampa mtu wa basi. Nitavileta mwenyewe Ijumaa ijayo. Sitaingia ndani ya ua. Nitakaa pale nje barabarani, kwenye kivuli chochote kilichopo, mtu aje kuchukua mzigo. Akitaka kuniita, aniite. Akitaka kunitukana, nimekuja kwa hilo. Asiponiita, nitapanda basi la jioni nirudi Tabora, na Ijumaa inayofuata nitakuja tena mikono mitupu.

Dada yako,
Batuli